Waya Katika Ghala la Asali

Nilikwenda Tabora kwenye arobaini ya Bi Zuena nikiwa nimejiandaa kulia, nikarudi mbavu zinaniuma kwa kucheka. Mwenyewe angefurahi. Tulikaa uani kwake Mtendeni, kwenye mikeka, wanawake upande huu, wanaume upande wa pili wa turubai. Hitima ilikuwa imekwisha, masinia ya pilau yameanza kuzunguka, na kila aliyefungua mdomo alikuwa na kisa cha marehemu: aliyetukanwa naye, aliyelishwa naye, aliyetukanwa huku analishwa. Nilikuwa kwenye tonge la tatu pale mzee mmoja mrefu, miwani ikining'inia shingoni kwa uzi, alipochungulia upande wetu bila aibu yoyote na kuuliza kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na nyundo, "Yuko wapi ticha wa kamba?" Nikajua ni Masanja. Tulikuwa hatujaonana zaidi ya miaka thelathini, na sauti ile haikuwa imezeeka hata kidogo. Tukasalimiana, tukahesabiana wajukuu, kisha akanisogeza pembeni kama mwenye siri. "Ticha, niambie ukweli leo. Bi Zuena alitutangazia mtaa mzima kwamba ulipoandika ubaoni, profesa mmoja alizimia, wakampepea kwa daftari. Ni kweli?" Lo! Nilicheka hadi nikapaliwa na wali. Nilipopata pumzi nikamwahidi kwamba nitakaa chini na kuandika mambo yalivyokuwa. Basi, Masanja, ndiyo haya. Kwa kuwa wewe unayajua nusu, wengine nitawaanzia mwanzo.

Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne na nilikuwa nimeanguka mtihani. Sipambi neno. Nilikuwa nimemaliza mwaka wa tatu wa chuo kikuu, nasomea hisabati, masomo yote nimefaulu isipokuwa moja, na katika hilo moja kulikuwa na swali lililonizamisha kila mara: waya mwembamba umekazwa kati ya misumari miwili, mtu akaudonoa kwa kidole; onyesha mlinganyo wa mtikisiko wake unatoka wapi. Mlinganyo wenyewe niliujua kwa moyo. Nilikuwa nimekariri na maelezo yake, kurasa mbili nzima, kutoka kwenye daftari la rafiki yangu, nadhani hata doa lake la chai nilikariri. Nikashindwa. Nikala sapu, ule mtihani wa marudio, nikaandika yale yale kwa mwandiko mzuri zaidi, nikashindwa tena. Mhadhiri wetu, ambaye sote tulimwita Daktari na sote tulimwogopa, aliniita ofisini akanipa karatasi yangu. Ilikuwa na wino mwekundu mahali patatu, na pote patatu ameandika maneno yale yale: kwa nini? "Umeandika 'kwa hiyo' mara saba," akaniambia, wala hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo, "na sioni 'kwa sababu' hata moja." Somo lile lingetahiniwa tena baada ya mwaka. Nafasi moja tu. Nikikosa, ni kudisko, kama tulivyosema sisi wanafunzi: natoka chuoni mikono mitupu, miaka mitatu imekwenda na maji, narudi kuitwa mtu aliyeishia kidato cha sita.

Nikarudi Tabora na sanduku langu. Shule moja ya binafsi ilikuwa na njaa ya mwalimu wa hisabati kiasi cha kumchukua hata aliyeanguka hisabati, wakanipa kazi ya mwaka mmoja. Chumba nikapanga kwa Bi Zuena. Yeye alikuwa mjane wa makamo, wa zile koo za Kiarabu za pale mjini. Babu yake alifika Tabora na msafara kutoka pwani, akasema anapumzika wiki mbili mizigo ipangwe upya, na tangu hapo hakuna aliyeondoka. Aliuza asali. Wafuga nyuki walimletea kutoka porini kwa madebe, naye akaichuja na kuiuza. Chumba changu kiligusana na ghala lake, ukuta mmoja tu katikati, na mwaka mzima nguo zangu, madaftari yangu na hata chaki zangu zilinuka asali na moshi wa mizinga. Nyuki waliingia dirishani wakizunguka-zunguka kama wanaodai chao. Asubuhi tulikunywa kahawa ya tangawizi na kula matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, na karanga za kukaanga, na kama Bi Zuena ameamka vizuri aliweka na kisosi cha asali katikati. Leo nina meza ya kulia chakula ya watu wanane na mara nyingi nakula peke yangu. Matobolwa yale, kwenye kigoda, magoti yetu yakigusana, sijapata mlo mwingine wa kuyashinda.

Nilikuwa nimemwambia kwamba nimekuja "kufanya utafiti". Haya yalikwenda wiki tatu. Siku moja nikamkuta amesimama mlangoni kwangu na ufagio kwapani, mkononi ameshika karatasi yangu ya mtihani, ile niliyoificha chini ya godoro. "Wee Doto," akasema, "huyu mtu wa wino mwekundu anakuuliza kwa nini, kwa nini, kwa nini. Mbona humjibu?" Nikataka ardhi ipasuke. "Kuuliza si ujinga," akaendelea, "lakini kuulizwa ukanyamaza ni utovu wa adabu. Mwanangu, mficha uchi hazai. Una nini?" Basi nikaketi kitandani nikamweleza yote, sapu, kudisko, yote, huku kamasi zinanitoka. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipa upindo wa kanga nifute pua, akatoka. Jioni ile ile nikamsikia sebuleni, na ukuta wa upande ule nao ulikuwa mwembamba, akiwasimulia wateja wake. "Mpangaji wangu kaanguka mtihani wa kamba." "Kamba gani?" "Kamba ya kawaida. Unaifunga huku, unaifunga huku." "Sasa hapo mtu anaangukaje?" "Ndilo swali langu na mimi!" Wakacheka mpaka vikombe vikagongana. Nilikasirika kweli. Lakini tangu siku ile, kila nilipopita uani, alinitupia neno moja tu bila kuinua macho kutoka kwenye kichujio chake: "Umemjibu yule mtu?" Na mimi nilianza kuona haya kusema bado.

La kwanza nilimjibu siku ya kufua mashuka. Shuka zito la pamba haliwezi kuanikwa limejikunja; wanawake wawili hulishika pembe kwa pembe, kila mmoja anavuta kwake, linanyooka na kutema maji, halafu ndipo linapandishwa kambani. Nilikuwa nimetoka misani, mawazo yako kwingine, Bi Zuena akavuta nami sikuvuta. Nikaenda mbele hatua tatu, nusura nitumbukie kwenye beseni. "Simama, we mtoto! Nikivuta, vuta. Usipovuta unakuja kwangu!" Nikasimama. Pembe za shuka mkononi, maji yananidondokea miguuni, nikabaki natumbua macho. Ile kwa nini ya kwanza ya Daktari ilihusu jambo hili hili. Katika kutafuta mlinganyo unakata, akilini mwako, kipande kidogo sana cha waya, unauliza nani anakivuta. Jirani wa kulia anavuta kulia, jirani wa kushoto anavuta kushoto, na mimi nilikuwa nimeandika kwamba mivuto hiyo miwili, kwa upande wa mlalo, ni sawa, kwa kuwa rafiki yangu aliandika hivyo. Sababu ni kwamba kipande hakiendi kulia wala kushoto. Kinapanda na kushuka tu. Mmoja angemzidi mwenzake, kingehama kama nilivyohama mimi. "Hakiji kwako wala hakiji kwangu!" nikapiga kelele. Bi Zuena akaniangalia kwa wasiwasi. Nikamwambia, "Nimemjibu moja." Akavuta shuka. "Zimebaki mbili," akasema, "na shika pembe vizuri."

Masanja wakati huo alikuwa kijana wa rika langu, fundi baiskeli, ametoka kijijini Ziba na kuja kujitafutia. Banda lake la mabati lilikuwa kando ya njia ya zamani ya Ujiji, ile iliyopita misafara, na kwa jinsi ilivyojaa miiba Mungu alikuwa amempangia riziki mahali pazuri. Baiskeli yangu ilipata pancha karibu kila wiki. "Mwangaluka, ticha," ananiamkia kwa Kisukuma, naitikia, anageuza baiskeli magurudumu juu, na wakati gundi ya kiraka inakauka anachukua zeze lake alilotengeneza mwenyewe kwa kibuyu, fimbo, na uzi mmoja aliouchomoa kwenye waya wa breki. Nilipomweleza shida yangu alicheka hadi akaweka chini bisibisi. "Kumbe! Sisi huku tunapiga tu, nyie huko mnaulizwa kwa nini uzi unalia?" Lakini Masanja alikuwa mtu wa kushika neno. Wiki iliyofuata alikuwa ameshalifikiria. "Sikiliza, ticha," akaniambia, akaudonoa waya kwa nguvu zote. Sauti ikaanza juu, kali, kisha ikateremka kidogo na kutulia. "Umesikia? Ukiuonea, unadanganya. Unaanza na sauti isiyo yake kwa hofu. Uguse hivi." Akaugusa kwa ncha ya kidole, ukaimba sauti moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nikaikamata ile kwa nini ya pili palepale, gundi haijakauka. Ukiuvuta waya sana, unarefuka, na ukirefuka mkazo wake unabadilika, na hesabu yote inavurugika. Mlinganyo ule ni wa mitikisiko midogo, na katika kurasa zangu mbili sikuandika popote neno "midogo". Nilikuwa nimeandika ukweli wa waya ulioguswa taratibu nikadai ni ukweli wa kila waya.

Ile ya tatu ilinitesa masika yote. Nitaieleza kama nilivyokuja kuwaeleza wanafunzi wangu miaka iliyofuata, maana ndiyo moyo wa jambo lenyewe. Niliamini kwamba kipande cha waya kinasukumwa kwa sababu kimelala mteremko, na kadiri mteremko ulivyo mkali ndivyo kinavyosukumwa zaidi. Inaingia akilini, si ndiyo? Mpira kwenye mteremko unakimbia. Lakini nikiandika hivyo mlinganyo unaotoka si ule wa kitabuni, na nikirekebisha ili utoke ule wa kitabuni nakuwa nimeiba tu. Daktari alishaujua wizi huo. Nilikula uyoga wa msimu wote ule, wa mchuzi wa karanga alioujua Bi Zuena peke yake, bila kusikia ladha. "Sikio la kufa," akawa ananiambia, "kula uyoga, Ramadhani inakuja utautamani." Mwislamu ni yeye, mimi Mkatoliki, lakini mwezi ule nyumba nzima ilifunga na mimi nilifunga nao, sikuwa na uso wa kula peke yangu.

Kamba ya kuanikia ya Bi Zuena ilifungwa na mtu mvivu. Upande mmoja ilishikwa na boriti ya paa, upande wa pili kigingi kifupi karibu na choo, kwa hiyo ilishuka kama njia ya mlimani, na gauni langu siku zote liliteleza mpaka chini na kukauka likigusa matope. Siku moja baada ya mvua nilikuwa nagombana na gauni hilo, nikitukana kimoyomoyo, macho yakaenda kwenye fundo lililokuwa katikati ya kamba, sehemu iliyo tupu. Kamba pale ilikuwa imenyooka kabisa na imeinama kabisa. Na fundo limetulia tuli. Haliendi juu, haliendi chini. Nikajiuliza, mteremko si huo hapo? Mbona halisogei? Kwa sababu anayelivuta kutoka juu na anayelivuta kutoka chini wanavuta kwenye mstari mmoja, wanafutana. Nikaangalia mahali gauni lilipoishia: pale kamba ilikuwa imevunja njia, mteremko wa upande huu si mteremko wa upande ule, na pale tu ndipo kulikuwa na nguvu ya kubeba gauni lenye maji. Mteremko peke yake hausogezi kitu. Kinachosogeza ni tofauti ya mteremko kutoka upande mmoja wa kipande hadi upande wa pili. Nililiacha gauni, nikakimbia na kandambili moja, nyingine imenaswa na matope, hadi kwa Masanja. "Waya ulionyooka haujali umeelekea wapi!" nikamwambia, nahema. "Unajali ukipindishwa!" Masanja alimtazama mteja wake, akanitazama mguu wangu. "Huyu ni mwalimu," akamweleza mteja, "anafundisha shule." Jioni ile niliandika ukurasa mmoja, si miwili: mkazo ukizidishwa kwa mabadiliko ya mteremko ni sawa na uzito wa kipande ukizidishwa kwa mchapuko wake, yaani jinsi mwendo wake unavyobadilika. Kila mstari ulikuwa na kwa sababu yake. Nikalala saa mbili usiku kama mtoto mchanga.

Hapo ningeweza kusimama, lakini nilikuwa na kichwa kigumu na nilikuwa na furaha, na vitu hivyo viwili vikikutana vinakuingiza mashakani. Mwezi wa sita, asali ya msimu imejaa ghalani, nikataka kuuona mlinganyo ukifanya kazi kwa macho yangu. Mlinganyo unasema sauti ya waya inategemea mkazo, urefu na uzito wa waya wenyewe. Haujali nani anayeukaza. Basi nikachukua meza ndefu ya ghalani, nikagongomea nyuzi mbili za waya wa breki alizonipa Masanja, sawasawa kabisa, kila mmoja ukapita juu ya vijiti viwili vilivyoachana sentimita mia, kisha ukaning'inia ukingoni mwa meza. Kwenye mmoja nikatundika kindoo cha lita tano za maji. Kwenye mwingine kindoo cha lita tano za asali. Kilo tano hapa, kilo tano pale, sauti lazima iwe moja. Nikawaita Bi Zuena na Masanja waje kushuhudia elimu. Nikaudonoa wa maji. Nikaudonoa wa asali. Masanja akakunja uso. "Rudia." Nikarudia. "Ticha, wa asali unaimba juu. Tena sana."

Nilibadilisha nyaya. Nilipima urefu upya. Kila mara, asali juu, maji chini. Siwezi kueleza jinsi nilivyoporomoka. Zilikuwa zimebaki wiki saba nisimame mbele ya Daktari, na mlinganyo wangu, wenye kwa sababu zake zote, ulikuwa umekanushwa na vindoo viwili. Kwa hiyo zile 'kwa sababu' zangu nazo zilikuwa hadithi tu nilizojitungia uani, za mashuka na makandambili. Niliketi juu ya debe nikaanza kulia, na sasa nasema wazi kwamba nililia kwa uchungu kuliko siku ya matokeo, maana siku ile nilipoteza mtihani na leo nilikuwa napoteza kitu nilichokwisha kukipenda. Bi Zuena hakunibembeleza. Alikwenda kwenye vindoo, akakishika cha maji kwa mkono wa kulia, cha asali kwa wa kushoto, akavinyanyua kidogo kama anavyofanya sokoni. Akavishusha. Akanigeukia, mikono kiunoni. "Doto. Umezaliwa wapi wewe?" "Hapa hapa Tabora." "Na asali hapa inapimwaje?" "Kwa lita." "Inauzwa kwa lita! Porini nainunua kwa kilo, mjini naiuza kwa lita, na debe la lita ishirini lina kilo ishirini na nane, kila mchukuzi wa Mtendeni mgongo wake unajua hivyo. Asali si maji, mwanangu! Umemtwisha yule waya mzigo wa punda, unamwuliza kwa nini analia!"

Masanja alianguka chini kwa kicheko, kweli alianguka, kati ya madebe. Mimi nilikuwa nimeshasimama, machozi bado yananitiririka, natafuta rula. Kwenye waya wa maji nikasogeza kijiti kimoja ndani, taratibu, taratibu, nikiufupisha. "Sema zikilingana," nikamwambia Masanja, maana sikio ni lake. Akafumba macho. "Bado… bado… hapo!" Nikapima: sentimita themanini na tano. Mia kwa themanini na tano, uzidishe kwa yenyewe, kama mlinganyo unavyodai, unapata karibu moja na nukta nne. Ishirini na nane kwa ishirini: moja na nukta nne. Mlinganyo ulikuwa sahihi muda wote. Mimi ndiye niliyeudanganya kwa kilo ambazo si kilo, nao ukakataa uongo wangu, ukanipimia asali bila mizani. Nimefundisha miaka thelathini na miwili baada ya hapo, nimepata barua za shukrani na saa ya ukutani, na hakuna dakika niliyofurahi kama ile. Bi Zuena aliangalia namba kwenye daftari langu. "Kwa hiyo kamba inajua uzito wa asali yangu?" akauliza. Nikamwambia inajua. "Basi wasiisikie wateja," akasema, akaenda kupika.

Mwezi wa nane nikapanda treni. Barua ilisema kwamba kwa kuwa nilikuwa mtahiniwa peke yangu, mtihani utakuwa wa mdomo. Chumba kilikuwa na ubao, madirisha yasiyofunguka, Daktari, na mama mmoja mtahini wa nje, mwenye mvi na mkoba mkubwa mapajani, ambaye hakuwa amenisikia kabla. Nilianza kwa Kiingereza, ndiyo lugha ya chuo, nikachora waya, nikakata kipande changu kidogo, lakini nilipofika kwenye tofauti ya miteremko Kiswahili kikanitoka chenyewe na hakuna aliyenizuia. Nilieleza kila mstari. Daktari hakuniuliza kwa nini hata mara moja, nilimaliza, nikaweka chaki chini, naye akasema, "Umejuaje kwamba ni kweli?" Nikawaeleza habari za vindoo. Yule mama alianza kutabasamu kwenye lita tano, na nilipofika kwenye mzigo wa punda alikuwa ameziba mdomo kwa mkono. Daktari hakucheka. Aliegemea kiti, akatazama dari, kisha akaniuliza swali ambalo nina hakika lilimjia palepale. "Na ukiuzamisha waya wenyewe ndani ya asali? Mlinganyo wake utakuwaje?"

Kurasa mbili za rafiki yangu hazikuwa na asali, na kitabu nilichosoma mwaka mzima hakikuwa na asali. Nikajiambia, Doto, huna pa kukimbilia, kata kipande. Nikachora kipande kidogo. Nani anakivuta? Jirani wa kulia. Jirani wa kushoto. Hao nawajua. Na nani mwingine? Nikafikiria mwiko unapokoroga asali: ukienda polepole inakuruhusu, ukifanya haraka inakushika mkono, na ukirudi upande wa pili inakushika vilevile. Inapinga mwendo, na inapinga zaidi kadiri mwendo ulivyo mkubwa. Basi kuna mvuto wa tatu, unaokwenda kinyume na mwendo wa kipande. Nikauandika, alama ya kutoa mbele yake, mlinganyo ukarefuka kwa kipande kimoja ambacho sikuwahi kukiona popote. "Utaimba?" Daktari akauliza nyuma yangu, sauti yake imebadilika. "Asali ikiwa nzito ya kutosha, hautaimba," nikasema. "Utarudi mahali pake polepole, utatulia." Nikageuka. Hakuna aliyezimia, Masanja. Daktari alikuwa ameshafunga jalada langu. "Mimi sina swali," akamwambia mwenzake. "Amefaulu tangu ubao wa kwanza."

"Mimi ninalo moja," akasema yule mama. Akaweka mkoba wake sakafuni, akasimama, akasogea ubaoni hadi karibu na mstari wangu wa mwisho, vumbi la chaki bado halijatulia. "Huu mlinganyo nani alikufundisha?"

Nikauangalia na mimi.

"Hakuna," nikamwambia. "Ndiyo kwanza nauona."